Skrini Iliyowaruka Akina Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, mopu na onyo. Ndoo na mopu nilipewa na mtunza stoo, Bwana Zakaria Shimenga. Onyo nilipewa na Metroni, Sista Perpetua, ambaye alitembea kimya hata ukamjua kwa harufu ya sabuni kabla hujamwona. Aliniambia, "Rispa, utafagia kila mahali. Lakini chumba cha kadi, fagia sakafu tu. Kadi ikipotea, mtu amepotea."

Nilicheka moyoni. Kadi ni karatasi, na mtu ni mtu, nilijiambia. Nilikuwa msichana bado, nimeachia shule darasa la sita, na niliona hawa watu wa hospitali wanapenda kukuza mambo. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, upande wa Lurambi. Jina lake nitaliacha, kwa maana bado kuna wanaofanya kazi pale, na wengi ni watoto wa watu ninaowajua.

Nyinyi wajukuu mnaniulizanga mtu wa darasa la sita aliingiaje kwenye kompyuta. Aliingia kwa majina. Mimi nililelewa na kukhu wangu, mama yake baba, na yeye alinifundisha majina ya marehemu wa ukoo wetu kabla sijajua kuhesabu. Kwetu mtoto anabeba jina la aliyetangulia, na kukhu alisema asiyewajua waliolala hawezi kuwaita walio macho. Basi karani mkuu wa zamani, Mzee Ainea Lubanga, alipogundua kwamba yule mfagiaji anajua mgonjwa wa wodi ya pili ni dada ya nani na ameitwa jina la nani, alinitoa kwenye ndoo akanipa kazi ya kubeba kadi. Natoa kadi rafuni, napeleka kwa daktari, narudisha. Nilifanya hivyo miaka mingi, chini ya Mzee Ainea, na baadaye chini ya Sista Perpetua mwenyewe alipoongezewa idara.

Kisha wakaja wakubwa wapya, na kompyuta zikaja nao. Tukapewa Afisa wa Rekodi, Bwana Protus Andayi, mtu wa tai kila siku hata joto likichoma. Kadi zetu za karatasi zikapelekwa stoo ya nyuma, zikapangwa kwa namba peke yake. Ukitaka kadi ya mtu, sharti kwanza umpate kwenye kompyuta, ikupe namba, ndipo uende stoo. Kompyuta isipomjua, kadi yake ni kama iko kaburini.

Msifikirie kompyuta za siku hizi za kugusa kwa kidole. Zile zilikuwa na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, bila picha hata moja. Programu yake haikujua kutafuta jina zima. Unaipa herufi ya kwanza, tuseme N, inakuletea majina kumi na mawili ya mwanzo ya N. Huo tuliuita ukurasa. Ukitaka mengine, unabonyeza kitufe cha chini, ukurasa unageuka, inakuletea kumi na mawili mengine. Unageuza, unageuza, mpaka umwone mtu wako. Kila mtu ameandikwa kwa jina la nyumbani kwanza, la ubatizo likifuata: Nabwire Rose, Nafula Beatrice, Nafula Jeni, Nakhumicha Ruth. Ukibonyeza jina, linafunguka, unaona namba ya kadi na neno lolote ambalo daktari ametaka liandikwe juu.

Huyo Nafula Jeni ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake. Alikuja kwetu akiwa mtoto wa shule, amevaa sare, koo limefura. Walimdunga penisilini, na kabla sindano haijapoa uso ukavimba, macho yakafunga, pumzi ikaanza kupiga miluzi. Daktari alimrudisha kutoka mlangoni kwa kifo. Kesho yake mama yake, Mama Consolata wa kule Malava, alikuja mpaka kwenye meza yangu.

"Wewe ndiye unaandikanga?"

"Ni mimi, mama."

"Daktari amesema huyu mtoto asidungwe tena hiyo dawa maisha yake yote. Andika."

Nikaandika. Akainama, akaangalia skrini ingawa hakujua kusoma.

"Hiyo ni ndogo. Andika kubwa."

Nikafuta, nikaandika kwa herufi kubwa: ASIDUNGWE PENISILINI. Akahesabu kwa macho, akaridhika. "Sasa hata nikifa, hapa mnajua," akasema. Akamshika mtoto mkono wakaenda.

Mwanzoni ile programu ilifanya kazi vizuri. Wagonjwa walikuwa wachache. Lakini hospitali ilikua, na shida ikaanza kidogo kidogo. Mtu anakuja dirishani, anasema nimetibiwa hapa, sisi tunageuza kurasa, hayupo. Keshokutwa anarudi, tunamwona wazi kabisa. Leo yuko, kesho hayuko, kisha yuko. Tunabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, wakati mwingine anaonekana, wakati mwingine wapi.

Siku moja karani mwenzangu, Ebby Khasoa, msichana mcheshi aliyesomea kazi hii chuoni, alimwambia mama mmoja, "Mama, pole, kompyuta inasema hujawahi kufika hapa."

"Sijafika? Watoto wangu wote nimezalia kwenye hiyo wodi!"

"Hapa hauko, mama."

"Basi iambie hiyo kompyuta ikuje iwalishe, kwa sababu hawana mama!"

Foleni nzima ilicheka, na Ebby pia. Lakini Bwana Andayi hakucheka. Alitukusanya akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo wakubwa hutumia wakiwa na hasira kweli, "Mashine haisahau. Karani ndiye anasahau. Mnageuza kurasa mkiongea." Ebby alipewa barua ya onyo. Tukaanza kugeuza kurasa kama watu walio kanisani, kimya, kidole kikifuata kila mstari. Na bado watu walipotea.

Nje, maneno yakaanza kuzunguka. Sokoni walisema ile mashine inachagua. Ati ukikosekana kwenye kioo, wale marehemu wenye jina wanakuita. Kwa sababu wengi waliopotea walikuwa na majina ya marehemu yanayorudiwa sana, akina Nafula, akina Makokha, akina Wanjala. Mtu mwenye jina lake la pekee hakupotea hata siku moja. Watu waliona hilo kabla yetu, ila wakalisoma kwa woga.

Aliyelisoma vingine ni fundi wa kompyuta, Habil Mukhwana, kijana mwembamba wa kutoka Butere ambaye aliletwa kutengeneza printa akabaki. Alikaa na mimi meza moja. Akaniambia, "Mama Rispa, nitajie Nafula wote unaowajua hapa hospitalini." Nikamtajia, yeye anageuza kurasa na kuweka alama kwenye karatasi. Tulifika mahali ambapo Nafula mmoja alikuwa mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa. Akabonyeza kitufe. Ukurasa mpya ukaanza na Nakhumicha.

"Wamebaki," nikamwambia. "Nafula Phanice hajaonekana. Nafula Rodah. Nafula Selina. Wote wameenda wapi?"

Habil aliachilia kibodi. Kisha akanieleza, na nitawaeleza vile vile alivyonieleza. Ni kama foleni ya kisiagi. Mwenye kinu anahudumia watu kumi na wawili, anafunga kwa chakula. Kabla ya kufunga anajiambia, nimeishia kwa Nafula. Akirudi anaita, "Anayefuata baada ya Nafula!" Nakhumicha anasogea. Lakini nyuma ya yule Nafula aliyesagiwa walikuwa wamesimama akina Nafula wengine na debe zao za mahindi. Mwenye kinu hakukumbuka mtu, alikumbuka jina. Akina Nafula wote waliobaki amewaruka, na hajui kwamba amewaruka.

Mashine yetu ilikuwa hivyo hivyo. Ilipanga watu kwa majina yote mawili, lakini ilipogeuza ukurasa ilikumbuka la kwanza tu. Na kwa sababu kila siku tuliingiza wagonjwa wapya, mstari wa mwisho ulihama. Leo ukurasa unakatika kati ya akina Nafula, kesho unakatika kwa akina Nanjala. Ndiyo maana mtu alikuwa anapotea na kurudi. Waliotengeneza programu hiyo hawakuwa watu wa huku. Hawakufikiria kwamba kuna mahali ambapo jina la bibi mmoja linabebwa na wajukuu wa mlima mzima.

"Dawa yake?" nikamuuliza.

"Ikumbuke jina pamoja na namba ya kadi. Namba haifanani na nyingine. Ni kazi ndogo, mama. Ruhusa ndiyo kubwa."

Tulienda kwa Bwana Andayi pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, na nitasema haki yake, alielewa upesi. Lakini aliogopa. Mwaka mmoja nyuma fundi mwingine aliigusa programu hiyo, na dawa zikakwama, kwa kuwa famasi na wodi zote zilitumia ile ile. Wagonjwa walilala kwenye mabenchi. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshafungwa, hakuna wa kupigia simu.

"Habil," akasema, "programu hii ilipoandikwa wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa darasa la nne, mkuu."

"Basi mheshimu aliyekutangulia. Hatugusi kitu kinachotembea."

"Kinatembea kikiruka watu, mkuu."

Bwana Andayi alifikiri, akatoa amri yake. Kwa kuwa shida ni majina yanayofanana, majina yasifanane. Kila mtu hapa ana jina la pili la nyumbani, la upande wa mama au la alikoolewa. Kuanzia Jumatatu, mwenye jina linalojaa aulizwe jina lake lingine, aandikwe kwa hilo.

Habil alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Akageuka. "Mkuu, jina la pili litazaa mtu wa pili."

"Nenda ukatengeneze printa," akaambiwa.

Basi tukafuata amri. Ni kweli ilipunguza kelele dirishani. Watu wenyewe waliipenda, kwa sababu ya yale maneno ya sokoni. Mtu aliyeogopa jina la marehemu wa kwao alifurahi kuficha kichwa chini ya jina lingine. Na hii si ajabu kwetu. Mtu akiugua sana hubadilishiwa jina, watoto wanaolia hubadilishiwa mpaka wanyamaze. Tuliona hospitali imetuelewa. Mwenye alikuwa na faili lake la zamani alifunguliwa jipya, tupu, jeupe.

Nafula Jeni alikuwa amekua, ameolewa upande wa Butere, na mwana wa Mzee Laban. Sikuwa nimemwona miaka mingi. Alizaa mtoto wa kike nyumbani, na siku chache baadaye homa ikampanda, tumbo la uzazi limeingia uchafu. Wakamleta kwetu asubuhi, mume wake yuko kazini mbali, kwa hiyo waliomleta ni mkwe wake Mzee Laban na mama mkwe aliyembeba mtoto. Mgonjwa aliingizwa wodini moja kwa moja, hajijui, anaongea maneno ya homa. Mzee Laban akaja dirishani kuandikisha.

Mimi nilikuwa stoo ya nyuma, natafuta kadi za kliniki ya macho. Dirishani alikuwa Ebby. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye, akilia.

"Jina la mgonjwa, mzee?"

Mzee Laban aligeuza uso pembeni. Nyinyi vijana hamjui aibu hiyo. Baba mkwe hamtaji mke wa mwanawe kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni kama kumvua nguo. Nyumba nzima inamwita kwa jina la kwao alikotoka, na lile la wazazi wengine hata hawalijui. Akasema, "Sisi tunamuitanga Mukabrasi." Yaani mwanamke wa kutoka Kabras, upande wa Malava.

"Hilo ndilo jina la pili, la alikoolewa?"

"Ndiyo hilo."

"Amewahi kutibiwa hapa?"

"Hilo sijui, mama. Mimi namjua kutoka alipoingia kwangu."

Ebby alifungua herufi ya M, akageuza kurasa, hakumwona. Angemwona wapi? Akamfungulia faili jipya kwa amri iliyobandikwa ukutani mbele yake. Akaandika MUKABRASI, akapata namba mpya, kadi nyeupe nakala mbili, moja ikakimbizwa wodini. Sista wa zamu aliangalia kadi ile, haina onyo. Akamuuliza mama mkwe kama mgonjwa hukataa dawa yoyote. Mama mkwe akasema, "Huyu hata kuumwa hajawahi kuumwa kwangu." Daktari akaandika penisilini.

Nilitoka stoo, Ebby akanipa ile nakala ya pili niipeleke wodini. Nilikuwa naifanya kazi hiyo tangu ujana, miguu yangu inajua njia. Nilifika kitandani, nikainua macho kutoka kwenye jina la Mukabrasi nikaangalia uso.

Uso ulikuwa umeanza kuvimba. Macho yanafunga. Hata hivyo nilimjua. Nilimjua hasa kwa sababu ya ule uvimbe, nilikuwa nimeuona kwa mtoto aliyevaa sare.

Nilipiga kelele, "Huyu ni Nafula! Nafula Jeni wa Mama Consolata!" Sista akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, kisha akaangalia bomba la sindano lililokuwa tupu kwenye sinia. Walikimbia. Daktari alikuja na dawa za kumrudisha, walimkandamiza kifua, wakamwekea mpira wa hewa. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kichanga, anauliza, "Nafula ni nani? Nafula ni nani?" Safari hii daktari hakumrudisha.

Mzee Laban alikuwa bado dirishani akingoja chenji ya kuandikisha. Nilimpita. Sikusimama kumwambia.

Baada ya mazishi Bwana Andayi alikuja kwenye chumba chetu asubuhi. Alikuwa ameenda Butere, alisimama nyuma ya watu. Aliing'oa amri yake ukutani mwenyewe. Gundi ikaacha rangi ya ukuta ikiwa imechubuka. Kisha akamwambia Habil neno moja: "Fanya."

Habil alifanya. Wodi hazikukwama, famasi haikukwama. Chakula cha mchana kilitukuta tumekaa, tunageuza kurasa za N kutoka mwanzo hadi mwisho. Nafula Phanice, Nafula Rodah, Nafula Selina, wote walipita mmoja mmoja kama watu wanaotoka msituni. Ebby aliweka kichwa juu ya meza. Hakuna aliyeshangilia. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Miaka iliyobaki ya kazi yangu ilikuwa ni kuunganisha watu. Ile amri ilikuwa imeigawa nusu ya Kakamega vipande viwili, jina moja huku na lingine kule, onyo kwa huyu na sindano kwa yule. Kila mama aliyekuja dirishani nilimuuliza, "Umeitwa jina la nani? Na kabla ya hapo? Na kwa mume unaitwaje?" Walinicheka, wakaniita mama wa matanga, kwa vile nilitaja marehemu wengi. Bwana Andayi alinipa meza yangu na kiti cha magurudumu. Kila mtu alipomletea njia mpya ya mkato aliuliza kwanza, "Na huyo mtu wa pili atakuwa nani?" Alistaafu kabla yangu. Habil alienda Nairobi. Ebby alibaki, ndiye mkubwa wa chumba sasa.

Sasa mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, napika obusuma, ugali wetu, nakula na nyinyi, na hospitali imenunua programu nyingine yenye rangi. Mnasema hiyo haiwezi kuruka mtu. Labda. Sijui kilicho ndani yake. Ninachojua ni kwamba mashine inakumbuka kile ilichoambiwa ikumbuke, basi. Mkifanya kazi hii, ulizeni siku zote inakumbuka nini inapogeuza ukurasa.

Siku yangu ya mwisho kazini, keki ikiwa bado haijakatwa, Mama Consolata alisimama dirishani. Amezeeka, ameshika mkono wa mtoto wa kike anayekohoa. Yule kichanga. Walikuwa wamempa jina lingine kule Butere, akalia, akalia, hanyonyi chupa wala kulala. Wazee wakamtajia majina, moja baada ya jingine. Walipotaja la mama yake akanyamaza. Basi akawa Nafula Jeni.

Ebby alitaka kumhudumia. Nikamwambia, "Huyu niachie." Nikafungua N, nikageuza kurasa. Nilimkuta mama yake kwanza, mstari wa mwisho kabisa chini, bado yupo, na neno MAREHEMU pembeni. Kidole changu kikakaa juu ya kile kitufe. Nilikuwa nimekibonyeza maisha yangu yote.

Nikabonyeza. Mstari wa kwanza wa ukurasa mpya ulikuwa wa mtoto.

"Ameonekana?" Mama Consolata akauliza.

"Yuko hapa, mama."

"Daktari anasema si lazima arithi ile shida ya mama yake. Mimi sitaki kujua si lazima. Andika."

Nikaandika kwamba mama yake aliuawa na penisilini, apimwe kwanza. Mama Consolata akainama dirishani, akaangalia skrini ambayo hakujua kuisoma.

Sikumngoja aseme. Nikafuta, nikaandika kubwa.